Dawa ya MS ikigeuka, nani atajua mapema? Mawimbi ya ubongo na wagonjwa wa nchi ya chai

*Dawa zinazotuliza kinga ya mwili zimewapa wagonjwa wa MS matumaini. Lakini dawa hizo zina hatari zake, na kwa mgonjwa wa Kericho au Bomet aliye mbali na mashine za Nairobi, kipimo cha EEG kinaweza kuwa onyo la kwanza.*

Mchuma chai huhesabu siku yake kwa kilo. Anapoingia shambani alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya vilima vya Konoin na Belgut, vidole vyake hukata majani mawili na kichipukizi bila yeye kufikiri. Vidole hivyo vikianza kufa ganzi, mizani ya jioni ndiyo hutoa habari kwanza.

Tumchukue mwanamke wa mfano, wa miaka thelathini na kitu, anayechuma chai karibu na Mogogosiek. Mwaka jana jicho lake la kushoto liliingia kiza kwa wiki tatu, kisha likarudi. Baadaye mguu ukawa mzito, akawa anaburuta buti la mpira kati ya mistari ya chai. Majirani walisema ni baridi. Wengine walisema kuna mtu aliyemtupia jicho baya.

Baada ya kuzungushwa kutoka zahanati hadi hospitali, kisha kusafiri hadi Nairobi kupigwa picha ya MRI, aliambiwa ana MS. Akaanzishiwa dawa ya kuwekewa kwenye mshipa, ya kutuliza kinga ya mwili. Akapata nafuu, akarudi kazini.

Miezi ikapita. Siku moja mumewe akaona jambo jipya. Mama watoto anatafuta maneno hayapati. Anaacha sufuria jikoni mpaka inaungua. Mkono wa kulia unatikisika wenyewe kwa dakika moja, halafu unatulia.

Daktari au afisa wa kliniki atakayempokea ana swali moja zito mbele yake: MS imerudi, au ni dawa? Majibu hayo mawili yanadai matibabu yanayopingana. Kama MS imerudi, mgonjwa hupewa steroidi na kinga huendelea kutulizwa. Kama dawa ndiyo iliyofungulia virusi njia ya kuingia ubongoni, kuituliza kinga zaidi ni kumsukuma mgonjwa kaburini.

Kuna kipimo cha karibu miaka 100 kinachoweza kumsaidia mhudumu huyo kabla ya gari la kwenda Nairobi kupatikana. Ni EEG, kinachorekodi mawimbi ya umeme wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa. Hoja ya makala hii ni kwamba kipimo hicho kinastahili nafasi katika hospitali za kaunti za Kericho na Bomet, na kinastahili kupewa nafasi hiyo kwa macho yaliyo wazi, mipaka yake ikijulikana.

Ugonjwa uliodhaniwa si wetu

MS (multiple sclerosis) ni ugonjwa wa kinga kuugeukia mwili wenyewe. Neva za ubongo na uti wa mgongo zimefunikwa na utando wa mafuta uitwao mayelini, ambao huharakisha ujumbe. Kinga ikiushambulia utando huo, ujumbe huchelewa au hupotea njiani. Jicho hufifia, mguu huburuta, kibofu hukaidi, uchovu humlaza mtu mchana kweupe. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot alieleza ugonjwa huu kwa kina mwaka 1868, akionyesha makovu unayoyaacha ndani ya ubongo.

Duniani kote wanaoishi na MS ni zaidi ya milioni 2.8. Wanawake ni angalau mara mbili ya wanaume, na wengi hugunduliwa kati ya miaka 20 na 40, umri ambao mtu ana watoto wa kulisha na deni la karo mgongoni. Idadi hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta, na Kericho iko kusini kidogo tu mwa mstari huo.

Kwa sababu hiyo madaktari wa vizazi kadhaa walifundishwa kwamba MS ni ugonjwa wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Lakini mwaka 1970 madaktari Foster na Harries walichapisha katika jarida la British Medical Journal ripoti kuhusu MS kwa Mwafrika. Mwaka 1989, A. M. Adam aliandika kuhusu ugonjwa huo nchini Kenya katika East African Medical Journal. Uchache wake haukuwa sababu ya kuupuuza wakati huo, wala si sababu leo.

Kuna mtego mwingine. Ugonjwa uitwao NMO hufanana sana na MS, nao huonekana zaidi miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika na Asia wakilinganishwa na Wazungu. Tangu mwaka 2004 kuna kipimo cha damu cha kuutambua. Dawa kadhaa zinazosaidia MS huuzidisha ugonjwa huo. Kwa hiyo madhara ya matibabu yanaweza kuanzia kwenye jina lisilo sahihi lililoandikwa katika faili ya mgonjwa.

> MS ikirudi, kinga hutulizwa zaidi. Kama ni virusi vilivyoingia ubongoni, hatua hiyohiyo inaweza kumuua mgonjwa.

Dawa nzuri, hatari ya kweli

Novemba 2004 Marekani iliidhinisha dawa ya natalizumabu. Huzuia askari wa kinga kupenya kutoka kwenye damu kuingia ubongoni, na katika majaribio ilipunguza mashambulizi ya MS kwa takriban theluthi mbili. Miezi michache tu baadaye, Februari 2005, iliondolewa sokoni. Baadhi ya waliokuwa wakiitumia walikuwa wamepata ugonjwa adimu wa ubongo uitwao PML. Mwaka 2006 dawa hiyo ilirudishwa, safari hii kwa masharti makali ya uangalizi. Tangu hapo visa vya PML miongoni mwa watumiaji wake vimefikia mamia duniani.

PML huletwa na virusi vya JC, vilivyopewa herufi za jina la mgonjwa ambaye vilitolewa kwake mwaka 1971. Zaidi ya nusu ya watu wazima wanavyo mwilini, vimelala kwenye figo na kwingineko, bila dalili yoyote. Kinga ikilegea kwa muda mrefu, huamka, huingia ubongoni na kuziua seli zinazotengeneza mayelini.

Hakuna dawa inayoviua virusi hivyo. Tiba ni kusimamisha dawa iliyoilegeza kinga na kuiacha kinga irudi. Hata kurudi kwake kuna gharama, kwa maana ubongo unaweza kuvimba na mgonjwa akaanza kupata kifafa. Kati ya waliopata PML kutokana na natalizumabu, takriban robo walifariki, na wengi wa waliopona walibaki na ulemavu. Waliogunduliwa mapema, hasa kabla ya dalili kujitokeza, walikuwa na hali bora zaidi.

Hatari haiko sawa kwa kila mtu. Huongezeka kwa aliye na kingamwili dhidi ya virusi vya JC, aliyetumia dawa kwa zaidi ya miaka miwili, na aliyewahi kutumia dawa nyingine za kushusha kinga.

Kwetu dawa inayotajwa zaidi ni rituksimabu, iliyoidhinishwa mwaka 1997 kwa ajili ya saratani ya tezi za limfu na sasa hutumiwa na madaktari wengi duniani kwa MS. PML kwa watumiaji wake ni nadra sana. Hatari za karibu zaidi ni homa ya ini aina ya B kuamka na maambukizi mengine kupata mwanya, na ndiyo maana damu hupimwa kabla ya chupa ya kwanza kutundikwa.

Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS katika orodha yake ya dawa muhimu: rituksimabu, kladribini na glatirama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa MS kupata nafasi hiyo. Nchi kama Kenya hutumia orodha hiyo kupanga zake, kwa hiyo mlango umefunguliwa. Dawa zikifika kwa wengi, uangalizi nao lazima uwafuate huko waliko.

Tena si kinga pekee inayoguswa. Fampridini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, huwasaidia baadhi ya wagonjwa wa MS kutembea vizuri zaidi. Ikizidi mwilini, hasa kwa mwenye figo dhaifu, huweza kuleta kifafa. Haipewi mtu aliyewahi kupata kifafa. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwakumbusha madaktari hatari hiyo, baada ya ripoti za watu waliopata kifafa siku au wiki chache tu baada ya kuanza vidonge.

Kinachoonekana kwenye mawimbi

Mjerumani Hans Berger alirekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mjini Jena mwaka 1924, akachapisha matokeo mwaka 1929. Mpangilio wa kuweka vipokezi kichwani unaotumika leo ulikubaliwa kimataifa mwaka 1958. Vipokezi 21 vidogo vya chuma hubandikwa sehemu zilizopimwa kwa utepe, kuanzia juu ya pua hadi kisogoni, na kutoka sikio moja hadi jingine.

Kazi ya kwanza ni nywele. Mafuta huzuia umeme usipite, kwa hiyo mgonjwa huambiwa aje ameosha kichwa bila kupaka chochote. Nywele bandia na misuko mizito huzuia kipokezi kisiguse ngozi. Mwanamke aliyesukwa juzi kwa pesa za wiki nzima huambiwa afumue, na wapo wanaokata tamaa hapohapo. Fundi hutenganisha nywele kwa ncha ya kijiti, husugua ngozi kidogo kwa krimu yenye chembechembe, kisha hubandika kipokezi kwa geli nzito. Hurudia hivyo mpaka kichwa kizima kiwe na nyaya.

Kisha huja maelekezo kwa sauti ya chini. "Mama, fumba macho. Legeza taya. Usimeze mate kwa sasa." Baada ya dakika kadhaa: "Vuta pumzi ndefu, utoe, vuta tena," kwa dakika tatu mfululizo, mpaka vidole vianze kuwasha. Halafu taa humulikwa mbele ya macho yaliyofumbwa, kwa kasi inayobadilikabadilika. Kipimo cha kawaida huchukua kati ya dakika 20 na 30. Hakiumi, hakitumii mionzi, na mjamzito anaweza kupimwa.

Kwenye skrini, mtu mzima aliyetulia akiwa macho huonyesha mawimbi ya alfa, 8 hadi 13 kwa sekunde, hasa upande wa kisogoni. Akifungua macho yanafifia. Mawimbi ya theta, kati ya 4 na 7 kwa sekunde, na ya delta, chini ya 4, ni ya kawaida usingizini. Yakitawala sehemu moja ya ubongo wa mtu mzima aliye macho, kuna jambo chini ya kipokezi hicho.

Hapo ndipo MS na PML zinaanza kutengana. MS mara nyingi huacha EEG ikiwa ya kawaida au yenye mabadiliko madogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya madhara yake iko ndani, kwenye neva za macho na uti wa mgongo. PML hupenda maeneo yaliyo karibu na uso wa ubongo, na mara nyingi huacha mawimbi ya polepole juu ya eneo lililoathirika, wakati mwingine pamoja na miiba mikali inayoashiria kifafa. Mgonjwa aliyekuwa na mawimbi safi mwezi wa kwanza, kisha akaonyesha delta upande mmoja mwezi wa kumi, amempa daktari wake sababu ya kusimamisha chupa inayofuata mpaka ukweli ujulikane.

Ndiyo maana EEG inafaa ichukuliwe mara mbili: mara moja kabla ya dawa kuanza, na tena mgonjwa anapobadilika. Rekodi moja pekee husema machache. Mbili zikilinganishwa husema mengi zaidi.

> Rekodi iliyochukuliwa kabla ya dawa ndiyo inayoipa maana ile itakayochukuliwa siku mambo yakiharibika.

Wanaotilia shaka wana hoja

Wapo wataalamu wasiokubali kirahisi, na hoja zao hazipaswi kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba EEG haitaji jina la adui. Mawimbi ya polepole huletwa na PML, na pia kiharusi, uvimbe, kifua kikuu cha ubongo, sukari iliyoshuka, ini lililoshindwa, hata usingizi wa mgonjwa aliyekesha safarini. EEG ni mbwa anayebweka usiku: anakuambia kuna mtu uani, hakuambii ni nani.

Ya pili ni kwamba EEG safi inaweza kumlaza daktari usingizi. Kidonda kidogo au kilichojificha ndani kinaweza kukua bila kubadilisha mawimbi. Mwongozo unaotumika kwingi kwa natalizumabu unategemea kupima kingamwili dhidi ya virusi vya JC kila baada ya miezi 6, picha za MRI kila miezi 3 hadi 6 kwa walio hatarini zaidi, na maji ya uti wa mgongo kutafuta chembe za virusi panapotokea shaka. EEG haimo kwenye nguzo hizo, na asije mtu akaiweka badala yake.

Ya tatu ni ya pesa. Kwa nini kaunti inunue mashine kwa sababu ya ugonjwa adimu kama MS, ilhali wodi za uzazi zina upungufu wa kila kitu?

Upande wa pili nao una majibu. EEG huona kitu ambacho MRI haioni hata kidogo: kifafa kisicho na mtikisiko. Mgonjwa amekaa kitandani, macho wazi, amechanganyikiwa, hajibu. Familia inadhani ni wazimu, muuguzi anadhani ni uchovu. Ndani ya kichwa, umeme unawaka bila kukoma. Hali hiyo hutibika, lakini huthibitishwa kwa EEG. Mgonjwa wa PML ambaye kinga yake inarudi, au aliyezidisha fampridini, ni miongoni mwa wanaoweza kuingia humo.

Jibu la umbali ni zito zaidi. Kutoka Kericho hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 250. Mchuma chai akienda huko kupigwa picha hupoteza siku za kilo, hulipa nauli ya watu wawili, na mara nyingi hulala kwa ndugu. MRI kila miezi mitatu, kwake, imebaki kwenye karatasi. Kipimo cha nusu saa karibu na nyumbani kinaweza kuamua nani apande gari leo na nani asubiri kliniki ijayo. Mtu akiwa na dalili mpya na EEG ikawa safi, bado anapelekwa mbele. Ikiwa mbaya, anapelekwa usiku huohuo. Ukiwekwa mpangilio huo, hoja ya pili ya wanaotilia shaka inapungua nguvu, kwa kuwa EEG haitumiwi kumrudisha mtu nyumbani.

Nchi ya chai inavijua virusi hivi

Kuhusu gharama, lazima tutazame mbali na MS. Virusi vya JC havikungoja natalizumabu. Kabla ya ARV, hadi asilimia 5 ya watu wenye UKIMWI walipata PML. Na Kericho ina historia ndefu na VVU. Mwaka 2003 watafiti wa mradi wa Walter Reed, wa jeshi la Marekani, walianza kuwafuatilia wafanyakazi wa mashamba ya chai na familia zao. Watu wazima 2,801 waliandikishwa, na asilimia 14.3 walikutwa na VVU. Tangu mwaka 2013 eneo la kusini mwa Bonde la Ufa limekuwa sehemu ya utafiti mwingine mkubwa, AFRICOS, pamoja na vituo vya Uganda, Tanzania na Nigeria.

Maana yake ni kwamba eneo hili lina vitu ambavyo kaunti nyingi hazina: maabara zilizozoea kazi ya uangalifu, wauguzi waliofunzwa kumfuata mgonjwa mmoja kwa miaka, na wananchi wanaojua maana ya kusaini fomu ya utafiti baada ya kuielewa. Lakini Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, huduma za VVU zilitikisika kote nchini. Kila mgonjwa anayekosa ARV kwa muda mrefu huviachia virusi kama vya JC nafasi.

Halafu kuna kifafa chenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Lancet Neurology ulikuta Kilifi watu 7.8 kati ya kila 1,000 wanaishi na kifafa cha mtikisiko kinachoendelea. Jirani kabisa na Kericho, kule Nakuru, kazi iliyochapishwa mwaka 1991 ilionyesha kwamba wagonjwa 302 wa kifafa wanaweza kutibiwa vizuri kwa dawa za bei nafuu kupitia huduma za msingi. Wanaoishi na kifafa vilimani humu wangali wanakwepwa mezani kwa imani kwamba povu lao huambukiza. Mashine inayowekwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja wa MS ingehudumia mamia ya hawa, pamoja na watoto waliougua malaria ya ubongo na waliolala ICU bila fahamu.

> Mashine ya mgonjwa mmoja wa MS ni mashine ya mamia ya wagonjwa wa kifafa.

Mashine bila msomaji ni bati

Kenya imeshajifunza somo la mashine. Mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali ulioanza mwaka 2015 ulilenga hospitali mbili katika kila kaunti, ukileta vifaa vya upasuaji, kusafisha figo, ICU na picha. Maisha mengi yaliokolewa, hasa kwa wagonjwa wa figo. Lakini pia kulikuwa na mashine zilizokaa chini ya vitambaa kwa kukosa wataalamu, umeme au maji, suala lililoifikia hata kamati ya Seneti.

EEG inaweza kufuata njia hiyohiyo mtu asipojipanga. Umeme wa ubongo hupimwa kwa sehemu za milioni ya volti, na umeme wa ukutani, unaopiga mara 50 kwa sekunde, huuingilia kwa urahisi. Chumba kinahitaji waya wa ardhi ulio sawa na betri ya akiba. Hospitali ya Tenwek, iliyoanza kama zahanati ya wamisionari mwaka 1937, ililitambua tatizo la umeme mapema, ikajenga mtambo wake kwenye mto Nyangores miaka ya 1980. Hospitali za Longisa, Kapkatet na ya rufaa ya Kericho nazo zinahitaji umeme usioyumba kabla ya chombo chochote cha aina hii kununuliwa.

Kikubwa zaidi ni watu. Madaktari wa neva nchini ni wachache na wengi wako Nairobi na miji mikubwa. Hata hivyo anayerekodi si lazima awe ndiye anayesoma. Fundi aliyefunzwa vizuri anaweza kurekodi Bomet, faili ikatumwa kwa intaneti, na mtaalamu akaisoma Eldoret au Nairobi siku hiyohiyo. Chuo cha KMTC kina kampasi Kapkatet. Kufunza mafundi wa EEG kutoka vijiji hivihivi, wanaozungumza Kikipsigis na wanaojua kumtuliza mama mwenye wasiwasi, si ndoto kubwa.

Hata suala la nywele lina ufumbuzi. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walionyesha vipokezi vilivyobuniwa kukaa kati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Si lazima kusubiri vifaa hivyo. Msusi wa Kericho akielekezwa mapema anaweza kusuka mistari iliyonyooka inayoacha ngozi wazi penye kipokezi, na kadi ya miadi ikasema hivyo kwa Kiswahili chepesi.

Kinachopaswa kudaiwa

Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, na mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Mchuma chai anayekatwa ana haki ya kuuliza pesa hiyo inamrudia vipi siku ubongo wake unapoumwa.

Kwa viongozi wa kaunti, madai ni manne. Hospitali moja ya umma katika kila kaunti iwe na EEG inayofanya kazi. Iwe na mafundi wawili, ili mmoja akiwa likizo chumba kisifungwe. Iwe na mkataba wa maandishi na wasomaji wa mbali, wenye muda uliowekwa wa kutoa majibu. Na iwe na utaratibu wa kumpeleka mbele kwa MRI na kipimo cha maji ya uti wa mgongo yeyote ambaye mawimbi au dalili zake zimebadilika. Bila dai hilo la nne, matatu ya kwanza hayatoshi.

Kwa madaktari, rekodi ya EEG kabla ya kuanza dawa nzito ya MS igharimu muda kidogo leo ili iokoe muda mwingi kesho. Kabla ya chupa ya kwanza, kipimo cha VVU, homa ya ini na kifua kikuu kisirukwe. Na kabla ya fampridini, mgonjwa aulizwe kwa makini kuhusu kuzirai na mitikisiko ya utotoni, hata ile ambayo familia huificha.

Kwa mgonjwa na mwenzake wa nyumbani, kuna mambo ya kutazama: tabia iliyobadilika, maneno yanayopotea, upande mmoja wa kuona unaofifia, udhaifu unaozidi polepole kwa wiki kadhaa, mtikisiko wa aina yoyote. MS ikirudi, dalili mara nyingi hujitokeza ndani ya siku chache. PML hutambaa. Usisubiri kliniki ya mwezi ujao, na usiache dawa kimyakimya. Nenda, taja jina la dawa na tarehe ya mwisho ulipoipokea, na uulize wazi kama dawa yenyewe inaweza kuwa chanzo.

Kwa wananchi wote, sheria imewapa nafasi. Kila kaunti huandaa mpango wake wa maendeleo wa mwaka ifikapo Septemba 1, na makadirio ya bajeti hufika mbele ya bunge la kaunti ifikapo Aprili 30, na katiba inadai wananchi washirikishwe. Vikao hivyo huitishwa kwenye kumbi za kanisa na viwanja vya shule, na barabara na maji ndivyo hutajwa zaidi. Safari hii mwakilishi wadi aambiwe pia kuhusu EEG: chumba kimoja, mafundi wawili, intaneti imara na mtu wa kusoma. Jambo hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kisha lifuatiliwe mpaka lionekane kwenye bajeti.